Bendi ya panki imekufa, umebaki na gitaa: mwongozo kamili wa kuanza foki peke yako ukiwa Tabora

Hii naandika kwa mtu aliyepiga kelele miaka kadhaa, iwe panki, iwe roki, iwe metali, bendi imekufa au yeye mwenyewe kachoka kubeba dramu kwenye bajaji, na sasa anataka kubaki yeye na gitaa moja anaimba nyimbo za hadithi, ndo foki yenyewe. Najua hapa Tabora mapanki tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vinabaki, lakini tupo, na asikuambie mtu kwamba panki ni kitu cha kuigiza wazungu kilichoingia jana, Johannesburg kulikuwa na National Wake tangu 1979, weusi na weupe bendi moja katikati ya ubaguzi wa rangi, na hapo jirani Nairobi wapo Crystal Axis. Kama wewe ulikuwa bendi ya kwaya yenye gitaa la kelele au ulikuwa kwenye singeli pia soma, mengi yatakufaa.

Jambo lenyewe ni moja tu. Kwenye panki kelele inakubeba. Ukikosea kodi, yaani zile noti unazobana kwa pamoja, dramu linafunika, ukisahau mstari unapiga ukelele na watu wanaruka, sauti ikipasuka ndo kwanza wanashangilia. Ukibaki peke yako hamna pa kujificha, kila neno linasikika, kwa hiyo hatua zote hapa chini zinafanya kazi hiyo hiyo: kukuandaa usikike bila kuogopa.

Na hii njia imeshapitwa na watu wengi. Billy Bragg wa Uingereza alikuwa na bendi ya panki inaitwa Riff Raff kuanzia 1977, ikafa, 1981 akaenda jeshini, baada ya miezi michache akalipa pauni 175 kujinunua atoke, akarudi mtaani peke yake na gitaa na mwaka 1983 akatoa rekodi yake ya kwanza. Frank Turner alikuwa anapiga makelele kwenye Million Dead, bendi ikavunjika 2005, akaendelea mwenyewe na gitaa kavu mpaka leo. Chuck Ragan wa Hot Water Music hivyo hivyo. Hata Joe Strummer wa The Clash, mwenyewe mfalme wa panki, kabla hajajiita Strummer alikuwa anajiita Woody, jina la Woody Guthrie mzee wa foki wa Marekani. Yaani hizi nyumba mbili zina mlango katikati siku zote, we unapita tu.

Hatua ya 1: Funga hesabu za bendi

Hii watu wanairuka afu miaka miwili baadaye wanagombana. Kaeni wote mezani, soda zikiwepo, andikeni karatasi moja: nyimbo zipi zipo, maneno nani katunga, sauti nani katunga, nani ana ruhusa kuziimba mwenyewe. Wimbo uliotungwa na watu wawili ni wa watu wawili, wewe kubaki na gitaa haikufanyi uwe mwenyewe. Andikeni pia ampu (kile kikuza sauti cha gitaa) ya nani, deni la studio la nani, jina la bendi linabaki kwa nani na nywila za kurasa za mtandaoni anazo nani. Wote sainini, kila mtu apige picha. Basi, nusu saa imeisha, mnaendelea kuwa marafiki.

Jina lako la kisanii ukitaka badilisha, ila ushauri wangu usitumie jina la bendi ukaongeza "solo" mbele, linachosha na linawakera wenzako.

Hatua ya 2: Gitaa

Kwanza sio lazima liwe gitaa kavu. Bragg alikuwa anasimama na gitaa la umeme peke yake, na alishawahi kutembea amebeba ampu mgongoni kama begi la shule. Kama una gitaa la umeme na ampu ndogo anza nalo, usikope hela. Lakini mimi kwa Tabora napendekeza gitaa kavu kwa sababu moja ambayo kila mtu anaijua: umeme ukikatika shoo inaendelea.

Ukienda kununua, iwe dukani au kwa mtu, angalia hivi. Shika gitaa kama mtu anayelenga bunduki, tazama shingo kuanzia kichwani kuja kwenye mwili, ikiwa imepinda kama upinde mrudishie mwenyewe. Kisha pima uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo): kati ya uzi na freti pakiwa na milimita 2.5 hivi ni raha, gitaa nyingi za bei rahisi utakuta 4 mpaka 5 na hizo ndo zinawafanya watu waache gitaa wakidhani vidole vyao vibovu. Hii inatibika. Kile kipande cheupe kwenye daraja pale chini ambapo nyuzi zinakalia kinachomoka, fundi anakipiga msasa upande wa chini, akiondoa milimita 2 pale basi kwenye freti ya 12 nyuzi zinashuka milimita 1. Mwambie apige kidogo kidogo akijaribu, akishatoa sana hakirudi.

Nyuzi: nunua za shaba za gitaa kavu, saizi 11 ni pazuri pa kuanzia. Nyuzi za gitaa la umeme ukizifunga kwenye gitaa kavu zinatoa sauti nyembamba kama ya nzi. Na usije ukafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, mvuto wake ni mkubwa, daraja litang'oka na kipande cha ubao, nimeona kwa macho.

Jambo la huku kwetu ambalo huwezi kulikuta kwenye video za YouTube: hali ya hewa. Kiangazi cha Tabora, Juni mpaka Oktoba, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka na ubao nao unasinyaa, utaona ncha za freti zinaanza kukukwaruza mkono pembeni ya shingo, hiyo ndo dalili ya kwanza kabla gitaa halijapasuka. Chukua kile kiboksi cha sabuni cha plastiki, kitoboe toboe, weka sponji yenye unyevu ikamuliwe vizuri isidondoshe tone, ufungie ndani ya begi pamoja na gitaa. Mvua zikianza Novemba toa, sasa ubao unavimba na nyuzi zinapanda juu. Na usiliache ndani ya gari juani au kwenye buti la basi, gundi inalegea.

Hatua ya 3: Mkono wa kulia (hapa kaa sana)

Mkono wako wa kushoto unajua kazi tayari. Tatizo lako ni wa kulia, umezoea kushusha tu, shusha shusha shusha kwa spidi ya mapigo 180 na zaidi kwa dakika, nguvu zote za bega. Ukileta mkono huo kwenye gitaa kavu utasikika kama mtu anapepeta mchele kwenye bati, na watu wataweka mikono masikioni.

Weka pembeni plektra, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, mwezi mzima. Kabisa, kaifiche. Halafu jifunze kupiga vidole viwili, gumba na shahada, na hapa sisi tuna bahati maana mabingwa wa dunia wa staili hii walikuwa ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika na waliimba Kiswahili. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville ambayo sasa ni Likasi, ukimsikiliza unaapa kuna watu wawili, kumbe ni gumba na kidole kimoja. Tafuta na Losta Abelo na Edouard Masengo. Sikiliza gumba lao peke yake kwanza, usiangalie ile melodi ya juu, gumba tu, linatembea bila kusimama.

Zoezi. Shika kodi ya C. Gumba piga uzi wa tano, shahada piga uzi wa pili, gumba uzi wa nne, shahada uzi wa kwanza. Rudia. Weka metronomu ya simu, ile programu ya kugonga mapigo, kwenye 60, polepole mpaka unaona aibu, na usipandishe mpaka uweze kuongea na mtu huku mkono unaendelea. Hicho ndo kipimo, kuongea. Mtu akupigie stori, we unamjibu, gumba halisimami. Ukifika hapo pandisha mpaka 70, endelea hivyo mpaka 100. Kisha hamia G, hapo gumba linaanzia uzi wa sita, kisha Am inaanzia wa tano. Kodi tatu hizo zinatosha nyimbo za miezi sita.

Baada ya hapo ongeza mwendo wa sita kwa nane. Panki karibu yote ni nne kwa nne, moja mbili tatu nne, wakati ngoma nyingi za huku zinazunguka kwa tatu tatu. Nenda kasimame pembeni ya ngoma yoyote ya harusi pale Isevya au Ng'ambo upige paja lako na mwili utashika wenyewe kabla akili haijaelewa.

Kucha ya shahada iache irefuke kidogo, milimita moja au mbili kupita nyama, uilainishe na msasa mwembamba. Mafundi ujenzi na waosha magari wenzangu poleni, nyie tumieni nyama ya kidole tu, inatoa sauti laini na wala haina shida.

Hatua ya 4: Kugeuza nyimbo zako za zamani

Usitupe nyimbo za bendi. Lakini usizichukue vile vile ukazipiga polepole, hiyo inatoa wimbo wa panki wenye usingizi.

Anza na kodi. Kodi ya panki ina noti mbili tu, mzizi na ya tano, ile ya tatu haipo, ndo maana kodi yenyewe haina furaha wala huzuni, ina hasira tu. Tuliipenda kwa sababu kwenye gitaa lenye distoshen ukiongeza noti ya tatu sauti inachafuka. Kwenye gitaa kavu hiyo noti ya tatu ndo roho yenyewe. Kwa hiyo kaa na wimbo, kila kodi jiulize hapa ni meja (ya furaha) au maina (ya huzuni), jaribu zote mbili huku unaimba, utashangaa wimbo uliodhani ni wa hasira kumbe muda wote ulikuwa wa huzuni.

Kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo, shusha. Kwenye bendi ulikuwa unaimba juu ya koo ili upite juu ya dramu, sasa hamna dramu. Teremka hatua mbili au tatu mpaka sehemu unayoongelea kawaida. Ukiona kodi zimekuwa ngumu huko chini, tafuta kapo, kile kibano cha kubana nyuzi shingoni, zinauzwa bei ya kawaida, cheza na freti mpaka upate pa kukaa.

Mwendo: wa 180 ulete kwenye 100 hivi. Wimbo wa dakika moja na nusu utakaribia dakika tatu, na sasa una tatizo jipya, maneno hayatoshi. Hapo ndo kazi ya kweli inaanza. Nitatoa mfano wa wimbo wangu mwenyewe, ni wa enzi zile kabla maji ya Ziwa Victoria hayajaletwa hapa mjini. Kwenye bendi ulikuwa hivi, mistari miwili, tunarudia mpaka jasho:

Maji! Maji! Maji yako wapi!
Bili mnaleta, maji yako wapi!

Ukiwa na ampu tatu nyuma yako hiyo inatosha kabisa, na nilikuwa naipenda. Peke yangu ikawa ni mtu anayelalamika sebuleni. Nikaigeuza:

Mama mwenye nyumba kaamka saa tisa,
ndoo nne mlangoni, bomba linakohoa.
Bili imepita chini ya mlango,
imefika kabla ya maji.

Tazama kilichobadilika. Hasira ni ile ile, mtuhumiwa ni yule yule, ila sasa sijasema nimekasirika, nimeonyesha ndoo. Msikilizaji anakasirika mwenyewe. Hiyo ndo fomula kama unataka fomula: toa neno la kulaumu, weka kitu kinachoshikika na saa yake na mahali pake. Kama ulikuwa unaimba "mfumo umeoza", mfumo ni nani? Mtaje kwa kazi anayofanya, ameshika nini mkononi, alikwambia nini pale dirishani ulipopeleka fomu. Usitaje jina la mtu halisi lakini, kesi za mtandaoni zipo na mwanasheria ni ghali kuliko gitaa.

Kingine, kiitikio. Panki wana ile ya kupiga kelele wote, usiitupe, ni mali. Nyimbo nyingi za huku zinaishi kwa kuitikiana, kiongozi anatoa watu wanarudisha, Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka Bagamoyo kwa miguu wakiimba hivyo hivyo. Kwenye ule wimbo wa maji kiitikio nilikiweka "bomba kohoa", watu wanajibu "kohoa utoe", maneno manne tu na hata mlevi wa meza ya nyuma anakishika raundi ya pili.

Hatua ya 5: Koo

Miaka ya kupiga ukelele inaacha alama. Ukiona umekauka sauti zaidi ya wiki tatu bila mafua, acha kuimba uende hospitali uonane na daktari wa masikio, pua na koo, wanaweza kuingiza kamera wakaona kama kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Vinundu vingi vikiwahiwa vinapona kwa kupumzisha na mazoezi, vikichelewa ni habari nyingine.

Kila siku kabla ya kuimba fanya dakika kumi za kuvumisha mdomo umefungwa, mmmm kutoka chini kwenda juu na kurudi, kisha tetemesha midomo kama mtoto anaigiza pikipiki. Maji kunywa siku nzima sio dakika tano kabla ya shoo. Asali yetu ya huku Sikonge na Urambo ni tamu na inatuliza kikohozi, ila usidanganywe kwamba inapaka nyuzi za sauti, chochote unachomeza kinapita njia nyingine. Na ukiwa umekauka usinong'one, kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo, bora uongee taratibu au unyamaze.

Kuhusu uimbaji wenyewe: usijaribu kuimba vizuri. Sijui niseme vipi hii ieleweke. Watu wa panki wakihamia foki wanaanza kuimba kama kwaya, wanalainisha kila kitu, wanaweka mitetemo mwishoni mwa kila mstari, na ile sauti yao yenye kokoto iliyofanya watu wawapende inapotea. Bragg anaimba na lafudhi ya kwao Essex mpaka kesho. Imba kama unavyoongea na dada yako. Lafudhi ya Kinyamwezi kama unayo iache ilivyo.

Hatua ya 6: Nenda kwa wazee

Tabora sio jangwa la muziki jamani. Kiko Kids ya Salim Zahoro ilitokea hapa, Tabora Jazz na mtindo wao wa segere matata hapa hapa, Nyanyembe Jazz pia. Mjini hapa bado wapo wazee waliopiga kwenye madansi ya zamani, na vijijini wapo wapiga zeze. Hugh Tracey alipita Tanganyika 1950 akarekodi muziki wa makabila mengi, na rekodi zake zinatunzwa kwenye maktaba aliyoianzisha 1954 Afrika Kusini, baadhi zinasikilizika mtandaoni, tafuta za Wanyamwezi usikilize namna wanavyotulia.

Kwenda kwa mzee kuna utaratibu wake. Usiende na simu imewashwa inarekodi, hiyo ni dharau. Nenda na mtu anayemjua, shikamoo, ukiweza mwangaluka ya Kinyamwezi, beba sukari na majani ya chai, mara ya kwanza usiombe chochote zaidi ya kusikiliza. Gitaa lako liache kwenye begi mpaka aulize mwenyewe "humo kuna nini". Ataulizia tu. Akikurekebisha mkono usimwambie YouTube wanasema vingine.

Ukitaka kuutumia wimbo wa jadi kibiashara, uliza kwanza. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu yake ya sanaa za jadi, na ukizitoa kwenye mazingira yake ya asili ukaziingiza kwenye biashara unatakiwa uwe na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Na hata kama sheria isingekuwepo, mzee aliyekufundisha atajwe kwenye wimbo na apate chake kama wewe umepata.

Hatua ya 7: Kurekodi

Fupi hapa kwa sababu watu wanatumia hii hatua kuchelewesha zingine. Bruce Springsteen mwaka 1982 alirekodi albamu yake ya Nebraska chumbani kwenye mashine ya kaseti ya treki nne, wala alikuwa haitengenezi kama albamu, ni demo, ikatoka hivyo hivyo. Simu yako ina uwezo.

Chumba chenye kitanda, godoro lisimamishe ukutani nyuma yako, blanketi mlangoni. Simu iwe kwenye hali ya ndege, ielekeze kwenye freti ya 12 umbali wa sentimita 30 hivi, usielekeze kwenye tundu la gitaa maana linavuma. Zima feni. Rekodi saa kumi alfajiri kabla bodaboda hazijaanza na kabla majogoo hayajaanza, ingawa jogoo mmoja kwa mbali mimi huwa namwacha. Imba na upige kwa wakati mmoja, mara tatu, chagua yenye hisia hata kama ina kosa. Kukata na kusafisha tumia Audacity, ni bure. Usiweke mwangwi mwingi.

Kisha pandisha Boomplay, Audiomack na YouTube, na watumie watu kwenye magrupu ya WhatsApp wimbo mmoja mmoja, sio albamu nzima ya nyimbo kumi usiku wa manane.

Hatua ya 8: Shoo ya kwanza

Usiombe ukumbi mkubwa. Omba mgahawa, baraza la mtu, mahafali ya shule, mkutano wa kikundi cha vikoba, mahali watu wamekaa. Panki watu wamesimama, foki watu wamekaa, na mtu aliyekaa anakuangalia usoni, hiyo itakutisha kuliko kitu chochote. Angalia paji la uso la mtu wa safu ya pili, anadhani unamtazama yeye.

Nyimbo nane, dakika 35, mwisho. Ya kwanza iwe yako ya pili kwa ubora, ile bora kabisa iwe ya kumalizia, katikati weka moja ya kuchekesha. Kiitikio wafundishe mapema, wimbo wa pili au wa tatu, ukisubiri mpaka mwisho wameshaamua kwamba leo wanasikiliza tu. Kati ya wimbo na wimbo sema sentensi mbili, usihubiri. Kutyuni fanya huku unaongea, kimya cha kutyuni kinaua watu.

Jamaa wa mitambo ongea naye kabla, msalimie vizuri, mjue jina. Atataka kukuwekea mwangwi mpaka uonekane unaimba kisimani, mwombe apunguze. Gitaa likianza kupiga mluzi sogea mbali na spika, ikiendelea ziba tundu la gitaa na kitambaa ndani. Umeme ukikatika usisubiri jenereta, shuka jukwaani, sogea mpaka katikati ya viti, endelea. Hapo ndo utashinda watu, nakuhakikishia, mapanki wenzangu hii tunaiweza kuliko mtu yeyote.

Kuna mtu atauliza "bendi yako iko wapi?" Mwambie "leo ni nyie", afu waanzishie kiitikio.

Kama una wenzako wawili watatu wanaopiga peke yao, igeni alichofanya Chuck Ragan kwenye ziara zake za Revival kuanzia 2008: msipangane mmoja baada ya mwingine, anzeni wote jukwaani, mnasaidiana nyimbo, mnapungua, mnarudi. Kwa mji kama wetu inaleta watu zaidi kwa sababu kila mmoja analeta ndugu zake.

Hatua ya 9: Karatasi, hela na safari

Jisajili BASATA kama msanii, nyimbo zako zisajili COSOTA, wale wa hakimiliki, na shoo ya hadhara anza na afisa utamaduni wa halmashauri mapema, sio asubuhi ya siku yenyewe. Hamna la ziada.

Bei yako iandike. Panki tulizoea kupiga bure kwa kanuni, na bado kanuni ni nzuri, ila kanuni yenyewe ni kwamba msikilizaji asinyonywe, haisemi msanii alale njaa. Bragg kwenye rekodi yake ya kwanza aliandika kabisa kwenye kava usilipe zaidi ya pauni 2.99, yaani kalinda mteja na bado kauza. Fanya hivyo: kiingilio cha chini kinachojulikana, na kofia inapita.

Ukishaiva Tabora, treni. Reli ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, na mpaka leo mtu mwenye gitaa moja anaweza kwenda Kigoma, Mwanza au Mpanda bila kukodi gari, kitu ambacho bendi yenye dramu haiwezi kufanya bila kulia. Gitaa lisiende kwenye mizigo, kaa nalo. Legeza nyuzi nusu mzunguko kabla ya safari. Ndani ya behewa usianze kupiga wewe, subiri waombe, na wakiomba piga zile wanazozijua kabla ya zako. Ukishuka Kigoma shoo za Mwanga na Ujiji zitafutie mwenyeji kwanza, na hapo kwenye ule mtindo wa gumba na shahada ujue unaimbia watu ambao babu zao walisikiliza redio za Kongo kila jioni, kwa hiyo gumba liwe limekaa sawa.

La mwisho, washkaji wa bendi watakupigia siku moja wakitaka shoo ya kurudiana. Kubali tu, ni raha. Ila weka siku tatu baada yake bila kuimba popote, na nyuzi za gitaa la umeme nunua mpya, zile zilizokaa mwaka mzima zitakatika kwenye wimbo wa kwanza.